Jukwaa Moja la Hanborough: Niliyojifunza kwa Kungoja Treni

Barua ya ajira ya kulea wazee Uingereza hutaja mshahara, saa za kazi na siku za likizo. Haitaji utafikaje kazini. Wengi wetu tuliotoka Kenya na Tanzania kwa kazi hii hatukupangiwa London. Tulipangiwa vijijini, kwenye nyumba za wazee zilizojengwa penye miti na utulivu, ambako basi la mwisho huondoka mapema na kila jirani ana gari lake. Leseni ya Kenya inakubalika huko kwa miezi 12 ya kwanza tu, na bima ya gari kwa mgeni ni mzigo mzito, kwa hiyo maisha yako yote huishia kutegemea stesheni moja ndogo. Yangu ilikuwa Hanborough.

Tangu Julai 2025 visa mpya za walezi wanaoajiriwa kutoka nje zimefungwa. Lakini wauguzi bado wanakuja, wanafunzi bado wanakuja, na walezi waliokwisha kuwa huku bado wanahama kutoka kwa mwajiri mmoja kwenda kwa mwingine, mara nyingi kijiji kwa kijiji. Hao ndio ninaowaandikia. Nimesimama kwenye jukwaa lile, mvua ikininyeshea, hadi nikaanza kuuliza kwa nini mambo ya pale yako vile yalivyo, na majibu niliyopata yamenifaa kuliko ratiba. Kero nyingi za abiria wa Hanborough ziliamuliwa kabla yeye hajazaliwa. Akijua ziliamuliwaje, atajua pia pa kupitia.

Hanborough iko jimbo la Oxfordshire, dakika kama kumi kwa treni kutoka Oxford ukielekea Worcester. Stesheni yenyewe haiko katikati ya kijiji. Iko ukingoni, upande wa mashariki, karibu na barabara ya A4095 inayokwenda Bladon, na kijiji cha Long Hanborough kimejinyoosha kuelekea magharibi. Nyumba ya wazee niliyofanyia kazi ilikuwa mwisho ule mwingine wa kijiji. Ukishuka kwenye treni bado una safari ya miguu, na kwa zamu ya asubuhi safari hiyo inaingia kwenye hesabu. Kabla ya kukubali kazi yoyote kijijini, tazama kwenye ramani umbali kati ya stesheni na mlango wa kazini, wala usidanganywe na jina la stesheni. Reli nyingi za karne ya 19 zilipita palipokuwa rahisi kuchimba, na wanakijiji wakaachiwa kutembea.

Nilipanga chumba Oxford pamoja na wenzangu, kwa sababu kodi tuligawana na soko lilikuwa karibu. Kwenda asubuhi hakukuwa na shida kubwa. Shida ilikuwa jioni. Mwezi wa Novemba giza huingia kama saa kumi na nusu alasiri, na mtu aliyezoea magharibi ya saa kumi na mbili na nusu huhisi kama ameibiwa siku. Unatoka zamuni mgongo unauma, unafika stesheni, ubao unasema treni imechelewa. Baada ya muda unasema imechelewa zaidi. Sauti ya tangazo inaomba radhi. Treni hupita takriban moja kwa saa, kwa hiyo ikifutwa moja, saa nzima imekwenda. Hakuna duka la kujibanza ndani. Ni wewe, taa, na baridi inayopanda kutoka kwenye nyayo.

Baridi nilizoea. Hofu haikuzoeleka. Visa yangu ilifungamana na mwajiri. Mlezi akiachishwa kazi, kwa kawaida hupewa siku 60 kutafuta mwajiri mwingine mwenye kibali cha kuajiri wageni, la sivyo afungashe. Kwa hiyo kila treni ya asubuhi iliyosimama njiani ilinipandisha moyo hadi kooni. Nilifikiria karo ya wadogo zangu na deni la nauli ya ndege. Usiku mmoja treni ya mwisho ilifutwa nikakodi teksi hadi Oxford, na nauli ile ilikula ujira wa zaidi ya saa mbili. Nililia ndani ya teksi ile, na dereva, mzee wa Kipakistani, akanyamaza kwa heshima hadi mwisho wa safari.

Aliyenifungua macho ni bibi mmoja niliyekuwa nikimhudumia, mzaliwa wa vijiji vile. Kila nilipoingia chumbani nimechelewa na kuomba radhi, yeye aliuliza kwanza kama treni ilisimama Wolvercote. Nilidhani ni uzee unasema. Kumbe alikuwa anajua anachouliza. Wolvercote, kaskazini kidogo ya Oxford, ndipo njia ya Worcester inapoachana na njia kuu, na kutoka hapo hadi Charlbury, mbele ya Hanborough, kuna njia moja tu ya reli. Treni mbili haziwezi kupishana. Ya kutoka Worcester ikichelewa, ya kutoka Oxford husimamishwa pale hadi ile ipite. Unaweza kukaa ndani ya treni nzima isiyo na hitilafu yoyote, unatazama ng'ombe dirishani, kwa sababu ya jambo lililotokea kilomita nyingi mbele yako.

Mimi ni mtoto wa Voi, na nilipaswa kulitambua hilo. Voi ni mji wa reli. Baba yangu mdogo alifanya kazi kwenye karakana, na tulikua tukisikia wakubwa wakizungumza juu ya treni inayongoja nyingine kwenye njia ya kupishania. Reli ya zamani ya Mombasa kwenda Nairobi ilikuwa hivyo hivyo, njia moja, na kila mtu alijua kwamba ukichelewa Mtito Andei umewachelewesha watu wa upande wa pili. Sikutegemea kuikuta hali hiyo Uingereza, nchi iliyotuletea reli yenyewe. Nikamwuliza bibi kama ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Akasema hapana, njia zilikuwa mbili, na yeye mwenyewe aliziona zikiwa mbili.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma.

Reli hii ilijengwa na kampuni iliyoitwa Oxford, Worcester and Wolverhampton Railway, kwa sheria ya bunge ya mwaka 1845. Mhandisi wake wa kwanza alikuwa Isambard Kingdom Brunel. Fedha ziliisha, kazi ikalala, makandarasi wakagombana. Mwaka 1851, kwenye handaki la karibu na Chipping Campden, Brunel alikwenda na mamia ya vibarua wake kumwondoa kwa nguvu kandarasi aliyekataa kuachia kazi, watu wakapigana kwa sururu na makoleo hadi mahakimu wakaitwa. Njia ilifunguliwa tarehe 4 Juni 1853, na stesheni yetu ikafunguliwa pamoja nayo. Wakati huo jina liliandikwa Handborough. Kampuni ilikuwa na sifa mbaya kiasi kwamba wasafiri waliipa jina la utani kwa herufi zake za mwanzo, Old Worse and Worse, yaani kila leo afadhali jana. Mwaka 1860 ikawa sehemu ya West Midland Railway, nayo mwaka 1863 ikamezwa na Great Western Railway.

Kwa miaka mingi Handborough ilikuwa stesheni ya kawaida ya mashambani. Palikuwa na uwanja wa mizigo ambamo sasa liko Jumba la Makumbusho ya Mabasi la Oxford, mahali pa kwenda siku ya mapumziko ukipenda mashine za zamani. Lakini siku moja stesheni hii ilitazamwa na dunia. Tarehe 30 Januari 1965, baada ya ibada ya kitaifa katika kanisa la St Paul's jijini London, jeneza la Winston Churchill lilisafirishwa kwa mashua juu ya mto Thames, likapakiwa kwenye treni pale Waterloo, na likateremshwa Handborough. Kichwa cha treni kilikuwa cha mvuke, namba 34051, chenye jina la marehemu mwenyewe, na hadi leo kimo katika mkusanyiko wa taifa wa reli. Kutoka stesheni gari lilimpeleka kaburini Bladon, kijiji cha jirani, akazikwa karibu na wazazi wake. Jumba la Blenheim alikozaliwa mwaka 1874 haliko mbali na hapo. Bibi niliyemhudumia alikuwa msichana wakati huo. Aliniambia walisimama kando ya njia kwenye baridi kali, wanaume kofia mkononi, na hakuna aliyesema neno hadi msafara ulipopita.

Nilipolisoma hilo nilinyamaza kidogo. Mtu huyu huyu, mwaka 1907, akiwa naibu waziri wa makoloni, alipanda treni Mombasa kwenda Nairobi na kuendelea hadi ziwani, na sehemu ya safari aliketi kwenye benchi lililofungwa mbele ya kichwa cha treni ili aone wanyama vizuri. Alipita Voi. Reli ile ilianza kujengwa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, na maelfu ya vibarua walioletwa kutoka India walikufa wakiijenga. Watu wa Voi wana mengi ya kusema juu ya ukoloni aliousimamia, nami siyafichi. Lakini nilikaa kitako na wazo kwamba mimi na yeye tumepita kwenye stesheni mbili zile zile, yeye akija kwetu kutawala, mimi nikienda kwao kuwaogesha wazee wao na kuwashika mkono usiku. Kazi hiyo ninaiheshimu, na siku hiyo niliiheshimu zaidi.

Sasa turudi kwenye njia moja. Mwezi Machi 1963, Dk. Richard Beeching, mwenyekiti wa bodi ya reli ya Uingereza, alitoa ripoti iliyopendekeza kufungwa kwa stesheni 2,363 na takriban maili 5,000 za njia. Reli zilikuwa zinapata hasara, magari yalikuwa yanaongezeka, na serikali ilitaka kupunguza gharama. Hata kabla ya ripoti hiyo eneo hili lilikuwa limeanza kukatwa. Tawi la kwenda Woodstock, mlangoni mwa Blenheim, lilifungwa mwaka 1954. Yarnton, stesheni iliyokuwa kati ya Hanborough na Oxford, ilifungwa mwaka 1962. Hanborough ilinusurika, ila kwa bei. Mwaka 1971, miaka sita tu baada ya jeneza lile kupita, njia ya pili iling'olewa kuanzia Wolvercote, na jukwaa la pili halikuwa na kazi tena. Ndiyo maana leo liko moja.

Waliong'oa reli ile waliamini abiria wanazidi kupungua. Wakakosea. Watu waliongezeka, Oxford ikapanuka, nyumba za kijijini zikapanda bei, na wakazi walianzisha mwaka 1978 kikundi cha kuipigania reli hii, Cotswold Line Promotion Group, ambacho kingali hai. Mwaka 2011 njia ya pili ilirudishwa kwa takriban maili 20, kati ya Charlbury na Ascott-under-Wychwood, na kati ya Moreton-in-Marsh na Evesham. Kipande cha Hanborough hakikuguswa. Kuna mapendekezo ya kuongeza njia na jukwaa la pili hapo, na mimi nimeyaunga mkono kwa maandishi kila nilipopata nafasi, kwa sababu nayaona kama haki ya watu wa zamu ambao hawana gari la kuwaokoa.

Bibi alipokwisha kunifundisha hayo, nilibadilisha namna ya kusafiri. Niliacha kutazama treni yangu tu. Nilianza kutazama ya upande wa pili. Tovuti ya Realtime Trains inaonyesha kila treni iko wapi, stesheni kwa stesheni. Kama nataka kutoka Oxford kwenda Hanborough na naona treni ya kutoka Worcester imechelewa kufika Charlbury, najua yangu itashikwa Wolvercote hata kama ubao wa Oxford bado unasema iko sawa. Hapo napiga simu kazini mapema. Msimamizi akipata habari kabla ya zamu hupanga mtu wa kuziba. Akipata habari baada ya zamu kuanza, huandika kwenye faili.

Jukwaa moja lina hatari nyingine. Treni ya kwenda London na ya kwenda Worcester husimama mahali pale pale, zikija kutoka pande tofauti. Ratiba ikivurugika, treni inayofika saa unayoitegemea inaweza kuwa ya upande mwingine. Nimewaona watalii wa Blenheim wakikimbilia ndani na kusafirishwa hadi Charlbury bila kutaka. Soma ubao, kisha soma maandishi ubavuni mwa behewa kabla ya kupanda. Na ukizidi kwenda magharibi kwenye njia hii, baadhi ya majukwaa ni mafupi kuliko treni, na milango ya mabehewa mengine haifunguki. Sikiliza tangazo linalotaja mabehewa ya kushukia, usingoje mpaka treni isimame ndipo uanze kutembea na mizigo. Combe na Finstock, majirani wa Hanborough, hupata treni chache mno kwa siku na Jumapili hazipati kabisa. Ukipewa kazi huko, usihesabu treni.

Kuhusu tikiti, hapa ndipo pesa za watu wetu zinapovuja. Nunua kabla ya kupanda, daima, kama kuna mashine inayofanya kazi. Faini ya kusafiri bila tikiti Uingereza tangu Januari 2023 ni pauni 100 juu ya nauli, na hupungua hadi pauni 50 ukilipa ndani ya siku 21. Mashine ikiwa imeharibika, ipige picha yenye saa, na umtafute kondakta mwenyewe badala ya kungoja akufikie. Mwenzangu kutoka Arusha alikwenda London kushughulikia pasipoti akiwa na tikiti iliyoandikwa Off-Peak, ya saa zisizo na msongamano, lakini alipanda treni ya alfajiri. Alilipishwa tofauti ya nauli pale pale, akarudi nyumbani hana hela ya chakula cha wiki. Tikiti aina hiyo ni nzuri, ila uliza inaanza kutumika saa ngapi kwa safari yako hasa, kwa maana saa hubadilika kutoka njia hadi njia.

Kadi za punguzo hupunguza karibu theluthi ya nauli. Tangu Machi 2025 nyingi huuzwa pauni 35 kwa mwaka. Za vijana, ya miaka 16 hadi 25 na ya 26 hadi 30, zina kiwango cha chini cha nauli cha pauni 12 asubuhi za siku za kazi kabla ya saa nne, kwa hiyo hazikusaidii kwa safari fupi kama ya Oxford na Hanborough ukienda zamu ya asubuhi. Zinakusaidia siku ya kwenda London. Anayefanya zamu mbili au tatu kwa wiki aangalie Flexi Season, tikiti iliyoanza mwaka 2021, inayokupa siku nane za kusafiri ndani ya siku 28. Piga hesabu kwa karatasi na kalamu kabla ya kununua. Zamu zikibadilika kila wiki, siku zisizotumika hupotea.

Ukichelewa, dai. Wengi wetu hatudai kwa kuona haya, au kwa kudhani ni mambo ya wenyeji. Kampuni nyingi hurudisha robo ya nauli ukichelewa kuanzia dakika 15, nusu ukichelewa kuanzia dakika 30, na nauli yote ya safari hiyo ukichelewa kuanzia dakika 60. Una siku 28 za kuwasilisha dai, nalo hufanyika kwenye simu. Piga picha ya tikiti kila mara. Na treni ya mwisho ikifutwa, usikimbilie teksi kama nilivyofanya mimi. Bonyeza kitufe cha msaada kilicho stesheni na uulize wamekupangia usafiri gani wa kukufikisha. Mara nyingi kampuni husika hutoa basi au hulipia teksi, lakini lazima uulize kwanza, kabla ya kujilipia.

Jumapili treni huanza kwa kuchelewa, na matengenezo ya njia hupenda Jumapili na sikukuu. Siku hizo kuna basi la kufidia treni, nalo huzunguka vijijini na kuchukua muda mrefu zaidi. Mwezi Desemba ndio mgumu kuliko yote. Tarehe 25 hakuna treni za abiria kote Uingereza, tarehe 26 ni karibu hakuna, na jioni ya tarehe 24 treni huisha mapema. Wazee wanahitaji kuogeshwa na kulishwa siku hizo pia, na walezi wa kigeni ndio hupangiwa kwa kuwa hudhaniwa hawana familia karibu. Mwaka wangu wa kwanza nililala kwenye kiti cha chumba cha wafanyakazi. Mwaka uliofuata nilimwendea msimamizi mwezi Oktoba, ratiba ya treni mkononi, nikaomba mambo mawili: zamu za Jumapili zianze saa nne badala ya saa moja, na zamu za Krismasi ziambatane na kitanda au na mwenzangu mwenye gari anayetoka Oxford. Alikubali yote mawili. Alisema hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba treni hazipo.

Kama unasaini mkataba wa kijijini sasa hivi, omba mambo hayo mawili yaandikwe ndani yake kabla ya kuweka sahihi.